Ziwa Katwe kwa Safari ya Kikundi: Mwongozo Kamili wa Siku Tatu Kutoka Kampala

Mara ya kwanza kupeleka kikundi chetu Katwe, tulifika ukingoni mwa ziwa saa saba mchana. Asubuhi yote tulikuwa tumeimaliza mbugani tukitafuta simba. Jua lilikuwa la utosi, harufu ya maji imepanda, na majaruba ya chumvi yalikuwa hayana mtu. Waliokuwa kazini tangu alfajiri walikwisha kwenda kupumzika. Tulitazama vidimbwi vya maji ya hudhurungi kwa dakika ishirini, tukapiga picha, tukarudi kwenye basi. Mama mmoja wa Bombo, mtu mzima aliyeweka akiba miezi mitano kwa ajili ya safari ile, aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, chumvi yenyewe iko wapi?"

Swali lile lilinikaa. Tangu siku hiyo safari ya Katwe naipanga kuanzia ziwani nikirudi nyuma: kwanza msimu wa chumvi, kisha saa ambayo watu wako kazini, ndipo basi, malazi, boti na wanyama vifuate. Nimewapeleka watu mara kadhaa kwa utaratibu huo, na hapa naueleza wote kwa kiongozi yeyote wa kikundi, kiwe cha akiba, cha kanisa, cha msikiti au cha waliosoma pamoja.

Lijue ziwa kabla ya kuwatangazia watu

Kwanza andika wazi kwenye tangazo: Katwe ya Kasese. Kampala nayo ina Katwe yake, ile ya mafundi wa vyuma, na tangazo langu la kwanza lilileta maswali siku mbili nzima.

Ziwa liko magharibi mwa Uganda, katika mji mdogo wa Katwe-Kabatoro, wilaya ya Kasese, na mji wenyewe umezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Limekaa ndani ya kasoko, yaani shimo lililoachwa na volkano. Upande wa pili wa kilima chembamba kuna Ziwa Edward, lenye maji baridi na samaki. Kwa hiyo ukisimama juu ya ukingo unaona maziwa mawili karibu karibu: moja watu wanavua, jingine hakuna samaki hata mmoja.

Chumvi inatoka wapi? Chemchemi zenye madini huingia ziwani, lakini hakuna mto unaotoka. Maji hubaki yakikaushwa na jua, na madini yanazidi kujilimbikiza mwaka baada ya mwaka. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi, mtu mzima husimama katikati yake akifanya kazi. Harufu inayokupokea, kama ya yai lililoharibika, ni ya gesi ya salfa. Waambie watu wako mapema ili wasiingie na hofu, na baada ya nusu saa pua huzoea.

Uvunaji uko wa namna mbili, na ukijua tofauti yake utaelewa kila unachokiona pale. Kandokando ya ziwa kuna majaruba, vidimbwi vilivyochimbwa na kuzungushiwa kingo za udongo na miti, na kila kimoja kina mwenyewe. Humo maji hukaa yakichemshwa na jua hadi chumvi inaanza kuganda juu, na wanawake ndio wengi katika kuikusanya. Ndani ya ziwa kwenyewe wanaume husimama majini wakivunja kwa vyuma tabaka gumu la chini, kisha huyavuta mapande hadi ufukweni. Hiyo ndiyo chumvi mawe, ya kijivu na nzito, ambayo hununuliwa zaidi kwa ajili ya mifugo.

Watu wameipigania chumvi hii kwa karne nyingi. Falme za Bunyoro, Toro na Nkore zote ziliitolea macho, kwa sababu aliyeishika Katwe alishika biashara ya nchi nzima ya maziwa, hadi ng'ambo ya Kongo. Mwaka 1891 Lugard, aliyekuwa akitumikia kampuni ya Waingereza, aliichukua kutoka mikononi mwa askari wa Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na kujenga ngome hapo. Baadaye sana, karibu na ziwa, kilijengwa kiwanda kikubwa cha kisasa kwa utaalamu wa Wajerumani, mabomba yake yakaliwa na chumvi, na kazi ikasimama. Magofu yake mtayaona. Wanaovuna mpaka leo ni watu wale wale wa majaruba, kwa mikono.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Chumvi ni ya kiangazi. Mvua ikinyesha, kilichoganda kinayeyuka, na kazi ya wiki kadhaa inarudi kuwa maji. Miezi ya kutegemea ni Januari na Februari, halafu Juni hadi Agosti. Mimi napendelea Julai au Agosti. Kutoka Agosti kuendelea, flamingo huanza kuonekana katika Ziwa Munyanyange, kasoko dogo jirani kabisa na mji, kwa hiyo kwa matembezi ya asubuhi moja mnapata mambo mawili. Flamingo hawana miadi na mtu, wasiwekwe kwenye tangazo kama ahadi.

Pasaka huwa katikati ya mvua za masika. Najua ndiyo likizo ambayo kila kikundi huitaka, lakini kwa Katwe siishauri.

Hatua ya pili: hesabu na fedha

Hapa ndipo safari nyingi za vikundi huvunjikia. Gawa gharama mafungu mawili. Fungu la kwanza halibadiliki hata watu wakipungua: kukodi basi, mafuta, chakula na malazi ya dereva. Fungu la pili hufuata kichwa: kitanda, chakula, kiingilio cha hifadhi, boti, na malipo ya mwongoza wageni wa ziwani.

Tuseme, kwa mfano tu, basi na mafuta ni shilingi milioni 3 na mmejiandikisha watu 25. Kila mmoja anabeba 120,000. Sasa saba wakajitoa wiki ya mwisho: 18 waliobaki wanatakiwa kubeba zaidi ya 166,000, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Ukiwa na 25, gawanya tangu mwanzo kwa 20, kila mtu alipe 150,000. Wakija wote, ziada inakuwa fungu la dharura, na ikibaki mnarudishiana mkiwa njiani kurudi, mbele ya wote. Weka tarehe ya mwisho ya kulipa wiki tatu kabla, na sema kwa maandishi kwamba fungu la basi halirudishwi kwa anayejitoa baada ya tarehe hiyo.

Malipo ya ziwa na malipo ya hifadhi ni vitu viwili tofauti. Ziara ya ziwani hulipiwa pale pale Katwe, kwa wenyeji. Kiingilio cha hifadhi na boti ya serikali, ile ya mfereji wa Kazinga ya siku ya pili, ni vya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na huko jiandae kulipa kwa simu au kadi badala ya noti. Raia wa Afrika Mashariki ana bei yake, iliyo chini sana kuliko ya mgeni wa mbali, ila lazima aoneshe kitambulisho. Kikundi chetu kina Wakenya na Wakongo pia, kwa hiyo kila mtu nampigia simu usiku wa kuamkia safari: "Kitambulisho kiko mfukoni?" Piga picha za vitambulisho vyote mapema ukae nazo kwenye simu yako, lakini chenyewe bado kije.

Hatua ya tatu: basi na dereva

Kwa watu hadi 28 hivi, Kosta, yaani basi dogo, inatosha. Mkataba uandikwe, na njia yote itajwe ndani yake: Kampala, Masaka, Mbarara, Katunguru, Katwe, Mweya, Kasese, Fort Portal, Kampala. Safari yetu ya pili dereva alituambia tukiwa Mbarara kwamba tajiri wake hakukubali gari liingie barabara ya vumbi, na tukachangishana upya kando ya barabara huku akina mama wakiwa wamechoka. Ilikuwa kosa langu pia, maana karatasi ilisema "Kampala hadi Kasese na kurudi" basi. Siku hizi naandika hata maneno "pamoja na barabara za ndani ya hifadhi".

Kagua tairi la akiba kwa macho yako. Uliza kama dereva amewahi kuendesha hifadhini, ambako mwendo hauzidi kilomita 40 kwa saa na hakuna ruhusa ya kutoka njiani kufuata mnyama.

Siku ya kwanza: njiani

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Si mapema mno: foleni ya kutoka Kampala ikiwakuta, mtafika usiku. Kwa njia ya Mbarara ni zaidi ya kilomita 400, na kwa kikundi chenye kusimama simama hesabu saa tisa au kumi.

Kayabwe, kabla ya Masaka, mnavuka mstari wa ikweta, na kila mtu atataka picha. Wape dakika ishirini. Lukaya kuna nyama choma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, za barabarani, chai nzito inywewe hapo. Chakula cha mchana kiwe Mbarara, na hapa nina ombi moja: agizeni eshabwe, mchuzi mweupe wa samli wa Wanyankole. Hutiwa chumvi mawe. Kesho yake mtu akiona jiwe lenyewe linavyotolewa majini, ulimi wake utakumbuka.

Baada ya Ishaka barabara inapita Rubirizi, kisha inashuka ukingo wa Bonde la Ufa. Mwambie dereva asimame palipo salama juu ya mteremko. Uwanda wote uko chini yenu, na siku isiyo na ukungu maziwa yanametameta. Chini mnavuka daraja la Katunguru juu ya mfereji wa Kazinga, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Viboko huonekana hata kutoka barabarani.

Laleni Katunguru au Katwe kwenyewe, ambako kuna nyumba za wageni za bei nafuu. Kasese mjini kuna vitanda vingi zaidi lakini asubuhi mtapoteza saa nzima au zaidi barabarani, na saa hiyo ndiyo ya chumvi. Usiku viboko na tembo huingia mjini Katwe wenyewe, kwa hiyo baada ya giza hakuna kutoka kwenda dukani kwa miguu. Lisemeni hili kwa msisitizo, hasa kwa vijana.

Siku ya pili: ziwani

Saa moja na nusu asubuhi muwe tayari kwenye kituo cha utalii cha wenyeji wa Katwe. Chukueni mwongoza wageni wa pale. Wapo wanaosema kikundi kinaweza kushuka chenyewe kwa sababu njia inaonekana. Mimi nasema hapana. Kingo kati ya majaruba ni nyembamba na baadhi ni laini, kila jaruba lina mwenyewe, na mwongoza wageni ndiye anayejua ni nani anakubali kutembelewa leo. Kikundi cha zaidi ya watu 12 kigawanywe mara mbili na kila upande uwe na mtu wake, la sivyo walio nyuma hawasikii kitu.

Viatu: vya kufunika mguu wote, vya zamani, vya mpira vikiwezekana. Kandambili hapana. Safari iliyopita dada mmoja aliteleza, mguu mmoja ukaingia jaruba hadi kifundoni. Alikuwa na ufa mdogo kisiginoni, wala alikuwa hajui kwamba anao, na alipiga kelele iliyowageuza watu wote. Tulimwagia maji safi lita mbili, akakaa kivulini, akapona. Mama aliyekuwa akivuna karibu yetu alisogea kumtazama, akaonesha miguu yake mwenyewe. Ngozi ya nyayo ilikuwa imepasuka mistari mistari, kama udongo wa kiangazi. Hakusema neno, akarudi kazini.

Kwa hiyo chukua dumu la maji safi la lita 20 kwa ajili ya miguu na macho, mbali na maji ya kunywa, ambayo yawe lita moja na nusu kwa kila mtu. Kofia au leso. Wenye vidonda waangalie kutoka juu ya ukingo, ambako pia panaonekana vizuri sana.

Mkifika kwenye jaruba linalovunwa, simameni hapo. Msikimbilie la pili. Mwombe mwongoza wageni amwombe mwenye jaruba awaoneshe. Niliyoona mimi ni hivi: juu ya maji palikuwa na utando mweupe, mwembamba kama ule wa maziwa yaliyochemka yakaachwa yapoe. Mama aliugusa kwa kiganja, ukavunjika vipande vipande na kuzama taratibu. Akaingiza mikono chini, akakomba, akainua konzi mbili za chumvi yenye rangi ya waridi kidogo, maji yakichuruzika hadi viwikoni. Akairundika ukingoni ijichuje. Lundo la asubuhi nzima halikufika kimo cha goti lake. Ufukweni kulikuwa na chumvi mawe imepangwa, mapande makubwa ya rangi ya sukari guru chafu, na kijana mmoja wetu mwenye kifua aliomba kuinua moja. Aliliinua hadi magotini akaliweka chini.

Sasa suala la picha, ambalo nalichukulia kwa uzito. Pale ni mahali pa kazi. Wanawake wako majini wamejifunga nguo za kazi, si za kupigwa picha. Salamu kwanza: habari za kazi, mama, au "nyabo" (mama) na "sebo" (bwana), ambazo Uganda nzima inazielewa. Kiswahili kinasaidia sana Katwe, maana biashara ya pale imechanganya watu wa pande zote mbili za mpaka. Omba, ngoja jibu, na ukikataliwa shukuru. Atakayekubali na kusimamisha kazi yake kwa ajili yenu alipwe kitu, na jambo hilo lipangwe na mwongoza wageni kabla ya simu kutoka mfukoni. Pia mtasikia habari za jinsi wavunaji wanavyojikinga sehemu za siri na makali ya maji yale. Ni habari ya afya zao. Wasiulizwe kwa vicheko.

Nunueni chumvi kwa mvunaji mwenyewe pale ukingoni, kwa bei anayoisema. Uliza daraja lake, kwa kuwa si yote ni ya mezani, nyingine ni ya ng'ombe na ngozi. Mtu asiache chumvi ya dukani kwa ajili ya hii: ya dukani huongezwa madini joto ya kuzuia rovu, ya jaruba haina nyongeza hiyo. Kwa kuonja, kwa zawadi na kwa mifugo inafaa. Ifungwe mifuko miwili ya plastiki na iwekwe ndani ya ndoo, maana inavuta unyevu na maji yake yakidondoka chini ya viti vya basi tajiri atawadai.

Saa nne na nusu muwe mmemaliza ziwa. Tembeeni hadi Munyanyange, dakika arobaini zinatosha, halafu kula na kupumzika.

Mchana ndipo mwingie hifadhini, na hapa kuna mbinu inayookoa fedha. Kiingilio hudumu saa 24. Mkiingia saa nane mchana kwa ajili ya boti ya mfereji wa Kazinga kutoka Mweya, kiingilio hicho hicho kinawafaa alfajiri ya kesho kuangalia wanyama. Mkiingia asubuhi ya siku ya pili kama tulivyofanya mara ya kwanza, mnalipa mara mbili au mnakosa kimoja. Boti ni ya kama saa mbili, na ya mchana ndiyo nzuri, kwa sababu joto huwaleta tembo na nyati majini. Nafasi ziwekwe wiki mbili kabla. Likizo za shule hujaa.

Siku ya tatu: Kasenyi, kisha nyumbani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe njiani kuelekea uwanda wa Kasenyi. Kobu wamejaa, yule swala aliye kwenye nembo ya taifa, na simba huwafuata hao. Baadhi ya wanachama watadai Ishasha kwa ajili ya simba wanaopanda miti. Ishasha iko kusini kabisa mwa hifadhi na inataka siku yake. Kataa.

Karibu na Kasenyi kuna ziwa jingine la chumvi, Bunyampaka, dogo zaidi. Likiwa njiani mwenu na muda upo, litazameni kutoka juu.

Kisha Kikorongo, ikweta kwa mara nyingine, na kurudi kwa Kasese na Fort Portal. Rwenzori iko mkono wa kushoto, mara nyingi imejifunika mawingu. Mkiondoka Kasenyi saa tatu na nusu mtakuwa Kampala jioni.

Jioni hiyo hiyo viatu vyote vioshwe kwa maji baridi, na dereva aoshe gari kwa chini, kwani chumvi haingoji kula chuma. Kesho yake kusanya picha za wavunaji waliokubali kupigwa, zichapishe, na zitume kwa basi la Kasese kwa jina la yule mwongoza wageni. Mama wa jaruba nililoeleza alikuwa ameomba moja tu, ile inayoonesha mikono yake na chumvi, sura isionekane.